Bahasha Mpya, Barua ya Zamani: Habari za Barua Pepe Zetu Zilizopelekwa Mara ya Pili

Wenzangu waliokabidhiwa kazi ya kutayarisha kitabu chetu cha mwaka huu wameniomba niandike habari za barua pepe za jumuiya, zile za baina ya mwaka wa 1997 na 2009, namna zilivyohifadhiwa na namna zilivyopelekwa tena kwa wenyewe. Wameniomba mimi, nadhani, kwa sababu nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu mwalimu aliyestaafu hadhaniwi kuwa na kazi nyingine. Mimi si fundi wa kompyuta. Nilisoma chuo cha Kurani, nikasoma sekondari, nikafundisha hesabu na Kiswahili mpaka nikastaafu, na haya ya mitambo nimeyajua kwa kuuliza na kwa kusoma. Lakini jambo lenyewe lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na sehemu ya historia hiyo ilitengenezwa hapa hapa Sydney.

Itafaa nianze na sanduku la posta, kwa kuwa watoto wetu waliozaliwa Australia hawalijui. Wao wamezoea tarishi anayepita mlango kwa mlango. Kwetu Mombasa barua haikuja nyumbani. Ilikaa posta, katika sanduku lenye nambari, mpaka mtu aende na ufunguo. Na si kila mtu alikuwa na sanduku: mtaani kwetu watu wa nyumba nyingi waliandikiwa kwa sanduku la duka moja, na mwenye duka ndiye aliyezigawa barua kwa kusoma jina lililo juu. Mtu akihama, karani wa posta alikata anwani ya zamani kwa kalamu, akaandika mpya pembeni, barua ikaendelea na safari. Hakuifungua. Tarehe iliyoandikwa ndani ilibaki ile ile, na maneno yalibaki yale yale, hata kama barua ilichelewa miezi sita. Kazi ya karani ilikuwa na bahasha tu. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana makosa yote nitakayoyasimulia yalitokana na mtambo ulioambiwa usome barua badala ya bahasha.

Sasa tuje Sydney. Chuo Kikuu cha Sydney kilikuwa na idara ya kompyuta iliyoitwa Basser, kwa jina la sonara mmoja tajiri, Adolph Basser. Farasi wake aliyeitwa Delta alishinda mashindano ya Melbourne Cup mwaka wa 1951, na baadaye mzee huyo akakitunukia chuo pauni 50,000 za kujengea kompyuta. Kompyuta hiyo, SILLIAC, ilianza kazi mwaka wa 1956. (Wasiopenda mambo ya farasi wanisamehe, historia haichagui fedha zake.) Katika idara hiyo hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Bob Kummerfeld na Piers Lauder walianza kutengeneza mtandao wa kupelekeana ujumbe baina ya kompyuta zilizotumia mfumo wa Unix. Mfumo wa Unix wenyewe ulikuwa umekwisha kujulikana sana mjini humu kwa kazi ya John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, aliyeandika sherehe yake mstari kwa mstari katika miaka ya 1970, kama maulamaa wetu walivyokuwa wakisherehesha matini pembezoni mwa ukurasa.

Mtandao wa Kummerfeld na Lauder ulikua ukaja kuitwa ACSnet, nao ulifika vyuo na ofisi nyingi za Australia. Haukuwa na waya unaofunguka mchana na usiku. Ulifanya kazi kwa njia ya kuweka na kupeleka: kompyuta moja huandika ujumbe katika diski yake, hungoja simu ipatikane, huupeleka kwa jirani yake, na jirani naye huuweka na kungoja zamu yake. Wamarekani walikuwa na mtandao wao wa namna hiyo, UUCP, lakini huko mwandishi alilazimika kuandika njia yote mwenyewe, kompyuta baada ya kompyuta, kila jina likitengwa kwa alama ya mshangao. Kituo kimoja kikifungwa njiani, barua imepotea. Katika ACSnet uliandika jina la mtu na la kompyuta yake, ukamaliza na herufi za oz, na mtandao ukajitafutia njia. Mwaka wa 1984 Lauder na Kummerfeld, pamoja na Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, waliieleza kazi hiyo mbele ya mafundi wa Marekani. Elz ndiye aliyesimamia kompyuta iliyoitwa munnari, ambayo barua nyingi za kwenda na kutoka ng'ambo zilipitia kwake, na mwaka wa 1986 alikabidhiwa kusimamia anwani zote zinazoishia na au. Mwezi wa Juni 1989 Australia ikafungua njia ya kudumu ya setelaiti mpaka Hawaii, na mwaka uliofuata vyuo vikaunganishwa kwa mtandao wa AARNet. Kuanzia hapo barua haikuhitaji kulala njiani usiku kucha, ijapokuwa desturi ya kuweka na kupeleka haikuachwa. Hata leo seva ikikuta mwenzake amezimika, huiweka barua foleni na kujaribu tena na tena, aghalabu kwa siku 4 au 5, kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mwandishi.

Kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyembamba zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI, Nairobi, lilikuwa na kituo cha FidoNet, mtandao uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka wa 1984, nao pia ni wa kuweka na kupeleka kwa simu. Barua zake zilipitia lango la GreenNet, London. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuwa na mtandao wa ESANET. Mwaka wa 1995 ndipo Kenya ilipounganishwa na intaneti moja kwa moja, kwa kazi ya kituo cha ARCC chake Shem Ochuodho, na kampuni ya Africa Online ikaanza kuuza huduma kwa watu wa kawaida. Haukupita muda mrefu jamaa zetu wa Mombasa wakaanza kutuandikia, wengine kwa anwani za maduka na ofisi, mtu mmoja akiwapokelea watu kumi. Msomaji ataona kwamba lilikuwa ni lile sanduku la duka, limebadilika sura tu.

Jumuiya yetu ilipata anwani yake mwaka wa 1997 kwa kampuni moja ndogo ya hapa mjini, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja. Anwani ilikuwa moja kwa jamaa wote. Barua za kutoka Mombasa, Lamu, Unguja, Maskati na Dubai ziliingia humo, na katibu wa wakati huo alizichapa kwenye karatasi na kuzigawa siku ya mkutano. Mwenyewe alikuwa mtu mwangalifu: hakufuta hata moja, na kila mwaka aliziweka zote katika faili moja. Alipofariki, Mungu amrehemu, jamaa zake walitukabidhi kompyuta yake. Ndani yake mlikuwa na barua 6,200 na zaidi. Wakati huo kampuni ile ilikuwa imekwisha kufungwa, na lile sanduku halikuwapo tena duniani. Mambo ya namna hii yamewapata watu wengi Australia. Hata kampuni kubwa ya TPG mwaka wa 2023 iliacha kazi ya barua pepe na kuwahamishia wateja wake kwa kampuni nyingine. Aliyedhani kwamba barua zilizo kwa mwenye mtandao ni zake daima, afikiri tena.

Jamaa walitaka barua zao. Wengine walikuwa na barua za mwisho za wazazi wao humo. Basi likatolewa shauri kwamba tuwe na seva yetu wenyewe, kila ukoo uwe na sanduku lake, na barua za zamani zipelekwe tena kupitia seva hiyo, moja moja, kama kwamba zinaingia leo, ili kila moja ifike sanduku la wenyewe. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa mkono. Huandikwa skripti, yaani maagizo mafupi yanayoiambia kompyuta: fungua faili, chukua barua ya kwanza, mpe tarishi, chukua ya pili, na kuendelea mpaka mwisho.

Jaribio la kwanza lilifanywa mwaka wa 2014 na kijana mmoja wa jamaa zetu, kwa nia njema na kwa haraka. Sitamtaja, amekwisha kusamehewa. Skripti yake ilikuwa na mistari michache, na ilimwita tarishi aitwaye sendmail, programu iliyoandikwa na Eric Allman huko Berkeley, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyopeleka barua nyingi zaidi za intaneti. Programu hiyo ina namna mbili za kuambiwa barua iende wapi. Ya kwanza, unamtajia wewe mwenyewe jina la mpokeaji. Ya pili, unaongeza alama ya t, na maana yake ni: soma ndani ya barua yenyewe, na kila jina utakaloliona limeandikiwa, mpelekee. Kijana alitumia ya pili. Mtambo ukafanya kama ulivyoagizwa. Haukuzipeleka barua kwenye masanduku yetu mapya, bali ulizipeleka upya duniani, kwa kila mtu aliyeandikiwa miaka kumi na zaidi nyuma.

Nyingi hazikufika. Anwani zilikuwa zimekufa, na tena tangu Aprili mwaka huo kampuni ya Yahoo ilikuwa imetangaza kwamba barua yoyote inayodai kuwa imetoka kwa mteja wake, na haikupitia kwenye seva zake, ikataliwe. Kwa hiyo barua za jamaa waliokuwa na anwani za Yahoo zilirudishwa na seva za watu. Lakini matangazo yaliyotoka kwenye anwani ya jumuiya yetu wenyewe yalipita bila kizuizi. Na mojawapo lilikuwa tangazo la mwaka wa 2003, la maneno machache mno: mama yetu amefariki leo alfajiri, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Chini yake limetiwa saini: Katibu.

Katibu wa mwaka 2003 na katibu wa mwaka 2014 si mtu mmoja. Mama yake katibu wa 2014 alikuwa hai, Mombasa, na mzima wa afya. Tarehe ya 2003 ilikuwamo katika barua, kwa hakika, lakini programu nyingine humwonyesha msomaji tarehe aliyoandika mwandishi, na nyingine humwonyesha saa barua ilipoingia. Na mtu anayeletewa habari ya msiba kwenye simu hachunguzi tarehe. Hapa Sydney ilikuwa usiku wa manane, Mombasa bado jioni. Tulipoamka, mikeka ilikuwa imekwisha tandikwa nyumbani kwa dada yake marehemu wa kudhaniwa, na watu wa Maskati walikuwa wakiulizana ndege. Bibi mwenyewe alisikia kilio nje akatoka kuuliza nani amefiwa. Alicheka, lakini dada yake alilazwa usiku ule kwa presha, na katibu alikuwa hasemi nasi kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo neno barua pepe za zamani halikutajwa mkutanoni kwa miaka mitatu.

Ningependa sasa kueleza kwa nini jambo lile liliwezekana, maana wengi walisema kompyuta imeingiwa na wazimu, na sivyo. Mwezi wa Agosti 1982 zilichapishwa kanuni mbili. Moja, ya Jon Postel, ilieleza namna tarishi mmoja anavyomkabidhi mwenzake barua. Ya pili, ya David Crocker, ilieleza namna barua yenyewe inavyoandikwa. Walizitenganisha makusudi. Katika kanuni ya Postel, kompyuta husalimiana kwanza; kisha yule anayepeleka husema MAIL na kumtaja mtu ambaye barua irudishwe kwake ikishindikana; kisha husema RCPT na kumtaja mpokeaji; na baada ya hayo tu husema DATA na kuitoa barua nzima, mpaka mstari wenye nukta peke yake. Hayo mawili ya kwanza ndiyo bahasha. Bahasha huishi wakati wa safari, kisha hutupwa. Majina tunayoyaona juu ya barua tunapoisoma, kutoka kwa nani na kwenda kwa nani, ni sehemu ya barua. Tarishi hana haja nayo. Barua yaweza kuandikiwa watu hamsini kwa juu, na bahasha ikataja mmoja tu, ikamfikia huyo mmoja.

Basi barua zilizowekwa katika faili ni barua zisizo na bahasha. Anayetaka kuzipeleka tena hana budi kuzitengenezea bahasha mpya. Akivivia kazi hiyo na kumwambia mtambo usome ndani, hupata yale tuliyoyapata.

Mwaka wa 2017 binti mmoja wa jamaa zetu, aliyesomea mambo haya na kuyafanyia kazi, alikubali kuirudia. Alinitaka mimi nikae naye kwa sababu nilizijua koo na majina. Kazi ilichukua miezi miwili ya Jumamosi, na nyingi ya Jumamosi hizo hatukupeleka kitu. Kwanza aliifunga seva isiweze kutoa barua nje ya masanduku yetu hata ikiambiwa. Halafu akaiandika skripti kwa namna kwamba mara ya kwanza isifanye lolote ila kuchapa orodha: barua hii ningeipeleka kwa huyu. Orodha ile niliisoma mimi, kwa kalamu nyekundu, kama daftari za wanafunzi.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kujua barua moja inaanzia wapi na kuishia wapi. Katika faili za marehemu katibu barua zilifuatana moja chini ya nyingine, na alama ya mwanzo wa barua ni mstari unaoanza na neno From na nafasi. Ndiyo desturi ya zamani ya Unix. Sasa, mzee wetu mmoja alipenda kuandika kwa Kiingereza, na alipenda kueleza safari zake: mstari wa katikati ya barua ulianza na From Mombasa, na mtambo ukaona hapo ni barua nyingine. Programu nzuri hutia alama ya mshale mbele ya neno hilo wakati wa kuhifadhi ili kuzuia makosa. Ile ya katibu haikufanya hivyo kila mara. Ipo programu ndogo, formail, ya Stephen van den Berg, inayokata faili la namna hiyo vipande na kumkabidhi tarishi kimoja kimoja. Tuliitumia, lakini kila kipande kisicho na tarehe wala namba ya utambulisho kiliwekwa kando. Vilikuwa 37. Niliviunga kwa mkono, na karibu vyote vilikuwa vya mzee yule msafiri.

Bahasha ilikuwa na pande mbili. Upande wa mpokeaji tuliandika anwani mpya ya ukoo. Upande wa mtumaji, pale pa kurudishiwa, binti aliandika anwani yake yeye, asiweke ya mwandishi wa kwanza. Niliuliza kwa nini. Akaniambia, ikishindikana, unataka taarifa iende kwa nani: kwangu, au kwa mtu aliyefariki miaka kumi iliyopita?

Lilitokea jambo jingine lisilotazamiwa. Kwa majaribio tulizipeleka barua kumi kwenye anwani ile ile ya zamani ya jumuiya, ambayo jina lake tulikuwa tumelihifadhi. Seva yetu, Postfix, iliyobuniwa na Wietse Venema, ilizikataa zote. Sababu yake ni nzuri. Barua inapotiwa sandukuni, Postfix huandika juu yake kwamba imekwisha kufikishwa kwa fulani. Ikiiona tena ikienda kwa fulani huyo huyo, hudhani inazunguka bila mwisho, huisimamisha. Barua zetu zilikuwa zimefikishwa zamani kwa anwani hiyo na alama zilikuwapo. Tungeweza kuifuta alama. Mimi nilikataa. Tulipozielekeza kwenye anwani mpya za koo, ambazo hazikuwamo katika alama yoyote, seva ilizipokea bila neno, na hatukufuta chochote.

Naomba nieleze kwa nini nilikataa, maana wapo walioniona mkaidi. Kila seva inayoipokea barua huandika juu yake mstari wake: nimeipokea kutoka kwa fulani, siku fulani, saa fulani. Mstari wa chini kabisa ni wa kituo cha kwanza, na wa juu ni wa mwisho. Tuliosoma chuo tutaona mara moja mfano wake: ni isnadi. Mtu husoma kutoka kwa mpokezi wa mwisho akipanda kwa aliyemtangulia mpaka amfikie msemaji. Ninayo mbele yangu barua ya mwaka wa 1998 kutoka Mombasa: Nairobi, kisha Marekani, kisha Sydney, na saa zake zote. Juu yake sasa umo mstari wa seva yetu, wa mwaka wa 2017. Baina ya mistari hiyo miwili pana miaka 19, na anayeusoma mfuatano huo hadanganyiki: ataona barua ilisafiri kwa siku moja, ikalala, ikaamshwa. Ukifuta kitu katika mfuatano ili mtambo usinung'unike, umekuwa mwandishi wa nakala anayerekebisha maneno ya mtunzi. Kanuni ya Crocker ya 1982 ilikwisha kuliona hili. Ilitoa mistari maalumu ya kusema nani ameipeleka barua mara ya pili na lini, bila kugusa ya mwanzo. Tuliiongeza hiyo juu ya kila barua.

Wapo wanaouliza kwa nini hatukuziingiza barua moja kwa moja kwenye masanduku, bila tarishi. Njia ipo, ni ile ya IMAP aliyoibuni Mark Crispin mwaka wa 1986, na kwa mtu mwenye sanduku moja nadhani ndiyo bora. Lakini ingetubidi kuingia sanduku la kila ukoo kwa neno lake la siri, na hilo halikupendeza. Tarishi hahitaji ufunguo wa mtu.

Na jambo la siri ndilo lililotushughulisha kuliko mitambo. Katika barua 6,200 mna posa, mna madeni, mna ugomvi wa mirathi. Kamati iliamua kwamba mimi na binti tusisome ila juu: nani, kwa nani, lini, na anwani ya habari. Mara nyingi hilo lilitosha. Palipokuwa na shaka, barua ilibaki diskini. Zilizobaki hivyo ni 112, na nyingi ni za mwaka mmoja ambao wazee wanaujua na vijana hawana haja ya kuuliza.

Kabla ya siku yenyewe tuliandika barua kwa kila ukoo, ya karatasi, tukaeleza kwamba zitaingia barua za zamani, na kwamba atakayeona habari ya msiba atazame tarehe. Katibu, yule yule wa 2014, ndiye aliyeziandika anwani kwa mkono wake. Skripti ilianza baada ya sala ya alfajiri siku ya Jumamosi, barua moja kila sekunde 2 ili seva isizidiwe. Katikati umeme ulikatika. Kwa kuwa skripti ilikuwa ikiandika namba ya utambulisho ya kila barua iliyokwisha kupokewa, ilipowashwa iliendelea pale pale ilipoachia, na hakuna aliyepata barua mara mbili. Kwa kuhesabu bila mapumziko hayo, ilichukua takriban saa tatu na nusu. Zilizorudishwa kwa binti zilikuwa 9, zote kwa sababu ya picha zilizozidi kipimo cha seva, na zilipelekwa jioni baada ya kipimo kuongezwa.

Mpaka ninapoandika haya masanduku manne hayajafunguliwa na wenyewe, mawili ya jamaa waliohamia Perth na mawili ya jamaa waliorudi Mombasa. Nakala za diski ni mbili, moja kwa katibu na moja kwangu. Anayetaka kufungua sanduku la ukoo wake amwone katibu, amtajie jina la mwandishi na mwaka, naye atapewa ufunguo.